Kifo cha Zeyana binti Thuwaini, Kilichotokea Uani Kwangu

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Ninakufa. Safari hii kweli. Daktari amesikiliza moyo wangu, akausikiliza tena, kisha akaniambia nipumzike. Mzee wa umri wangu haambiwi apumzike bure. Nimempa habari binti yangu Eustadia. Amesema nimekwisha kufa mara mbili tangu Pasaka, niinue miguu apate kufagia.

Basi niungame humu, maana humu hakuna anayefagia. Mimi Nikolaus, mwalimu mstaafu wa misheni, niliyewafundisha nusu ya Tabora katekisimu na hesabu za kugawanya, ni mtunzi wa hadithi za mapenzi. Sijuti hata kidogo. Gazeti la Dar es Salaam hunichapa sura moja kila juma, nalo hufika hapa Ijumaa kwa garimoshi. Hadithi yenyewe ni ya zamani za misafara. Zeyana binti Thuwaini, mtoto wa tajiri wa pembe, anampenda Kashindye, mpagazi. Msafara unaondoka kwenda Ujiji, naye anaufuata kwa siri. Katika sura ya mwisho, itakayofika Ijumaa hii, anakufa kwa homa katika msitu wa Usinge, kichwa kimelala juu ya mzigo wa mpenzi wake. Niliandika huku nalia. Hajapata kufa msichana vizuri namna ile tangu Wajerumani walete reli!

Nina haja moja tu kabla sijafumba macho. Tabora imsikie Zeyana akifa.

Na leo, pigo. Jirani yetu Apolinaria, muuza vitumbua, kaja kunijulia hali. Akaisifu sura iliyopita. Akasema kilichomfurahisha zaidi ni pale Zeyana alipopita dukani kununua sabuni ya mche na sukari.

Sabuni! Sikuandika sabuni. Nilimwuliza kaisoma wapi. Akacheka, akasema Mwalimu naye, mimi na kusoma wapi na wapi, ulinifukuza shule mwenyewe. Wanawake wa mtaa wetu wa Isevya husomewa kila Jumamosi na Humaidi, barazani pa duka lake. Humaidi anasoma vizuri mno. Juma lile Zeyana alipopata mafua, Humaidi alimpa asali ya Ipole, ile iliyopo rafu ya pili, akapona papo hapo.

Nimeelewa yote. Mwuza duka anamtuma Zeyana wangu sokoni! Na ikifika Jumamosi atamponya homa, nami nitaingia kaburini na msichana mzima.

Jumatano, 4 Agosti

Hila ya kwanza. Rahisi, yenye heshima: nitasoma mwenyewe. Nilimwomba Apolinaria awakusanye wenzake barazani.

Miguu haifiki hadi dukani, kwa hiyo nilichukuliwa kwa baiskeli na Lukumani wa reli. Huyu ni Mzaramo, nami Mnyamwezi, yaani mtani wangu tangu enzi za babu zetu waliopita kwao na mizigo wakielekea pwani. Mtani ana ruhusa ya kunitukana na kuchukua kitu changu chochote, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Njia nzima aliwatangazia watu kwamba amebeba gunia la mifupa, nani ana mbwa.

Humaidi alinipokea vizuri kupita kiasi. Shikamoo Mwalimu, karibu Mwalimu, kahawa kwa Mwalimu. Mnafiki! Nilianza sura ya juma lililopita, kama nilivyoiandika. Sauti yangu ilitoka kama mlango wa ghala. Hata hivyo nilisoma kwa kituo, kwa nukta, kwa mkato. Nilimwambia mmoja anyooshe mgongo. Nilimwambia mwingine atoe kidole puani, naye ni mama wa watoto sita. Nilipofika penye machozi ya Kashindye, Apolinaria alikuwa anakoroma.

Humaidi akaniomba, kwa adabu nyingi, nipumzishe kifua. Akalichukua gazeti. Akafanya sauti ya Zeyana, nyembamba, inayotetemeka kama uzi. Wanawake wakaamka. Wakasogea. Akaingiza kilo nzima ya mchele katikati ya busara za baba mtu, wala hakuna aliyejali.

Niandike ukweli, maana ni wa siri: mimi mwenyewe nililia. Nikanunua mchele.

Ijumaa, 6 Agosti

Gazeti limefika! Zeyana amekufa, ukurasa wa nne, safu mbili na nusu! Mhariri hakugusa homa. Ameondoa mwezi tu. Nilikuwa nimeuwasha mara tatu katika sura ile, yeye anasema msituni hauonekani. Ndiyo taabu ya kazi hii. Unamlea msichana sura kumi na nne, halafu mtu aliyekaa Dar es Salaam anakuzimia mwezi.

Lakini sasa nina hila ya pili, na hii haina dosari. Wosia wa anayekufa haukataliwi, si kwa Mkristo, si kwa Mwislamu. Mimi ninakufa. Kwa hiyo nitakufa kesho baada ya alasiri, mbele ya watu, na wosia wangu utakuwa huu: Humaidi asome sura ya mwisho neno kwa neno, kando ya kitanda changu, Padre akishuhudia. Aponye mtu tuone!

Nimemtuma Eustadia kwa Padre Hilari na kwa Humaidi. Aligoma. Akasema, "Baba, padre wa watu ana kazi." Nikamwambia akinikatalia nitamtokea usiku. Akasema nikimtokea nije nimevaa sweta. Lakini amekwenda.

Jioni kachinja kuku anitengenezee mchuzi. Nilikataa, kwa kuwa anayekufa hali. Harufu ikaingia chumbani. Nilikula paja, kidari na shingo.

Jumamosi, 7 Agosti

Niende kwa utaratibu.

Walikuja wengi kuliko chumba, kwa hiyo kitanda kilitolewa uani. Nilikuwa nimejipaka majivu kidogo chini ya macho. Padre Hilari aliwasogeza watu akaniungamisha. Akaniuliza kama ninajutia hadithi zangu. Nikamwambia ndiyo, ninajutia sura ya nne, Kashindye alilia mapema mno, ilibidi angoje ukungu wa asubuhi. Padre akauliza kama kuna jingine. Nikasema sura ya tisa pia ina udhaifu.

Kisha nikatoa wosia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha fika mlangoni. Humaidi akaangalia huku na huku. Kila jicho liko kwake. Akasema, "Mwalimu, hilo tu?" Akakaa. Padre akaweka kidole juu ya gazeti, akawa anakisogeza mstari kwa mstari.

Alisoma. Loo, alisoma! Zeyana alipoomba maji, niliona koo la Humaidi linacheza, asali imefika ulimini. Kidole cha Padre hakikutikisika. Asali ikarudi. Zeyana akamwita Kashindye mara moja. Akaweka kichwa juu ya mzigo. Akafa.

Walisikika kuku tu. Halafu Apolinaria akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe lililofika stesheni.

Uani kote kukalipuka. Wapita njia wakasikia, wakajua Mwalimu amekwenda, wakaingia mbio. Mzee mmoja alimkumbatia Eustadia akamwambia baba yako alikuwa mtu mkali lakini wa haki. Eustadia akamwonyesha kitanda, baba yule pale, anatabasamu. "Sasa aliyekufa nani?" Akaambiwa Zeyana. "Zeyana wa Kashindye? Masikini mtoto wa watu!" Naye akakaa chini akalia.

Humaidi alikuwa analia kuliko wote, uso ndani ya gazeti langu. Nimeshinda! Sasa naweza kufa kwa amani.

Jumapili, 8 Agosti

Sikufa. Palikuwa na kelele mno.

Wameweka matanga. Kweli! Nilidhani Apolinaria anatania alipoleta mkeka. Nilipoamka, mikeka imejaa ua, wanawake wamejifunga kanga viunoni, sufuria tatu ziko jikoni. Wameleta unga, kuni, maharage, michembe ya viazi. Wanaume wamekaa nje, wameota moto, wanaulizana habari za marehemu. Alikuwa mtoto wa ngapi? Thuwaini amepelekewa habari? Padre alipita baada ya misa kuwaeleza kwamba binti huyo hakupata kuzaliwa. Apolinaria akamjibu ndiyo maana inauma zaidi, Padre, hata kuzaliwa hakupata. Padre akapewa kiti na bakuli la uji.

Humaidi amefunga duka! Duka ambalo hufungwa Idi tu. Kaleta gunia la sukari, hakulitaja kwa neno moja.

Saa sita akaingia Lukumani, kama ilivyo haki ya mtani msibani. Alijifunga kamba kiunoni, akajitupa chini katikati ya waombolezaji, akapiga kelele: "Enyi Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za watu toka huku mpaka pwani, haikuanguka hata moja! Mzee huyu kapewa binti mmoja tu, mwepesi, ana miguu yake mwenyewe, amfikishe Ujiji. Kamwangusha Usinge!"

Watu walicheka hadi machozi yakabadilika kazi. Mimi pia nililazimika kucheka, ndiyo sheria. Akachukua jogoo wangu na kofia yangu ya Jumapili, akaondoka navyo.

Tabora haijapata kumlilia mtu namna hii. Chifu mmoja alizikwa mwaka jana kwa watu wachache kuliko hawa. Mimi ndiye niliyefanya hivi, kwa kalamu!

Dosari moja. Nimelala ndani kando ya dirisha tangu asubuhi, moyo unanipiga kama ngoma, hakuna aliyeniletea hata kikombe. Nilipiga kelele kwamba ninakufa. Mtu fulani dirishani akasema shii, Mwalimu, kuna msiba.

Jumanne, 10 Agosti

Wameanua matanga leo. Desturi inataka mzazi asimame mbele ya wazee aeleze marehemu aliugua nini, lini, na alihangaikiwa vipi. Wakaniita. Baba wa Zeyana kwa kalamu ni mimi, hakuna mwingine.

Niliwaambia sisimami, miguu imekufa tayari. Wakasema basi ajibu akiwa amelala, tumjue kuwa ana hatia. Nikasimama.

Waliniuliza homa ilimwanza wapi. Nikajibu, karibu na mto. Apolinaria akauliza kwa nini basi nilimnyima maji na mto uko pale. Nikasema Kashindye alikuwa mbele na msafara. "Hukuweza kumrudisha? Si unaandika wewe?" Nikasema msichana anayependa namna ile hawezi kupona, ndiyo sanaa. Mzee mmoja akauliza sanaa ni dudu gani, na kama lipo bado huko Usinge, watoto wake wanalima kule.

Hapo nikapata moto. Nilizungumza! Juu ya mapenzi, juu ya misafara, juu ya wajibu wa mtunzi kuwaumiza wasomaji wake. Sauti ilinirudia yote, ile ya darasani. Nilimwambia mmoja anyooshe mgongo, akanyoosha. Nilipomaliza jua lilikuwa limegeuka, na nilikuwa bado nimesimama, bila fimbo.

Wazee wakaenda kando wakanong'ona. Humaidi akarudi na hukumu. Akasema, "Mwalimu, tumeona hivi. Wewe huna ruhusa ya kufa. Kwanza utupe hadithi nyingine, na humo binti wa watu asife. Uape mbele ya Padre." Yeye kwa upande wake ataisoma neno kwa neno, hatauza hata kiberiti.

Niliapa. Mkono juu ya Biblia, kwa sauti kubwa. Wanawake walipiga vigelegele. Eustadia alinikumbatia, jambo asilolifanya tangu kipaimara. Nikala sahani mbili za ugali.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeamka na nguvu za kijana. Daktari kasikiliza moyo, kasema sijui umefanya nini, mzee, lakini endelea.

Ninaendelea. Hadithi mpya imeanza na imekwisha fika sura ya pili. Nimetafakari sana yaliyotokea, maana mtu aliyesoma hapaswi kupita katika jambo kama hili bila kujifunza. Nimeona kosa langu. Nilijichosha sura kumi na nne, nikapata matanga ya siku tatu tu. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na binti mmoja.

Hawa wapya wako saba. Mabinti wa tajiri mmoja wa asali, wazuri wote, vifua vyao dhaifu. Kiapo changu nimekichunguza kwa makini: walisema binti wa watu asife. Hawa ni wangu.

Eustadia kachungulia, akauliza kama wanaolewa. Nikamwambia awe na subira, na asirudishe zile sufuria za watu.

Mkubwa ameanza kukohoa.