Wasemaji Wangu Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Profesa amenibana. Anataka data Alhamisi, hataki visingizio tena. Wasemaji kumi wa lugha ya Bibi, kila mmoja asikilize sentensi arobaini, aseme ipi inasemeka na ipi haisemeki. Isiyosemeka inawekewa nyota. Ndiyo sintaksia hiyo. Unachora sentensi kama mti uliopinduliwa, matawi chini, kisha unamwuliza mwenye lugha kama ulichochora kina uhai.

Nimemwambia data iko njiani. Haiko njiani. Hata nyumbani haijatoka.

Msemaji niliye naye ni mmoja tu, Bibi mzaa mama, na yeye pia sijamfikia. Nimemwahidi Jumamosi tatu mfululizo. Mama mdogo, anayekaa naye, anasema kila Jumamosi asubuhi Bibi anatoa kile kiti kizuri na kukiweka karibu na mlango. Jioni anakirudisha ndani. Roho imeniuma sana. Ni mwendo wa saa mbili tu kwa basi!

Halafu nikapata wazo. Bibi ndiye aliyenilea mpaka darasa la tatu. Lugha yake naijua. Kwa nini hao kumi nisiwe mimi?

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua kalamu za rangi nne na kujifungia chumbani. Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Namba tatu ni mkulima, miaka sabini na moja, hapendi kuulizwa kitu mara mbili. Namba tano ni mama wa watoto saba. Fomu yake nimeidondoshea chai kwa makusudi. Namba nane nimemfanya mbishi, mambo yasije yakawa safi mno. Namba sita ni fundi cherehani mstaafu, mcheshi, mwenye maoni juu ya kila kitu. Huyo nimempenda.

Sentensi ya 17 wameikubali wote, hata namba nane. Hakukuwa na njia nyingine. Ni ile ya mama aliyemwuzia jirani mbuzi, ila mbuzi ametangulizwa mbele kabisa ya sentensi. Nadharia yangu nzima imempanda mbuzi huyo.

Namba moja ni Bibi. Fomu yake nayo nimeijaza, na sahihi nikaweka. Hapo mkono ulisita. Kidogo tu.

Jumatano, 5 Machi

Maktaba. Binti mmoja wa darasa letu, tunayemwita Matawi kwa jinsi anavyochora, amerudi uwandani na matope viatuni. Anachunguza lugha ya Bibi vilevile, ingawa kwake si lugha ya nyumbani. Wiki tatu, watu sita, na hakuna wawili wanaokubaliana. Kurasa zake zimejaa nyota. Nikampa pole kwa sauti ya mtu mwenye wasemaji kumi.

Akaniuliza niliwapataje upesi hivyo. Nikasema ni suala la kujuana na watu. Akaomba nimkutanishe hata na mmoja. Nikasema wana haya. Akanipongeza kwa dhati na kunimegea mkate wake. Nikaula wote.

Alhamisi, 6 Machi

Profesa amesoma. Alivua miwani, akaivaa tena. Akasema tangu aanze kufundisha hajaona data safi namna hii. Nilitarajia kufurahi. Nikajikuta naangalia mlango ulipo.

Anataka nitoe mada kwenye semina Jumatano ijayo, na namba sita aje tumsikie. Anaonekana mtu wa kuvutia. Nikasema amelazwa. Profesa akasikitika, akauliza hospitali gani, angependa kwenda kumjulia hali. Nikasema ameruhusiwa, yuko kwa mwanawe, mbali sana. Basi namba moja, akasema. Bibi yako hayuko mbali.

Shati langu lingeweza kukamuliwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika kwa Bibi saa nne. Kiti kilikuwa mlangoni. Alinishika uso kwa mikono miwili, hakuniachia mpaka mama mdogo alipomwambia mtoto hajanywa hata maji. Amepungua. Hakuna aliyeniambia, au waliniambia sikusikiliza.

Alikuwa amejiandaa. Miezi yote hii amekuwa akimwandikisha mama mdogo, nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani, maneno aliyokuwa akisema mama yake, ambayo siku hizi akiyasema hakuna wa kumjibu. Karatasi kumi na moja. Desemba ilipotea. Alitaka tuanze na Januari.

Nikasema tutaziona baadaye. Nikamfundisha sentensi ya 17. Akauliza mbuzi kafikaje mbele. Nikasema Profesa anamtaka huko. Akaijaribu, akakosea, akacheka. Akaijaribu tena. Mpaka saa nane alikuwa akiikariri kama mtoto wa chekechea, na kila akiipatia ananitazama kuona kama nimefurahi.

Basi la saa tisa nikapanda. Kalenda hatukuifungua. Najuta, naandika huku najuta. Lakini shahada iko hatarini, na mada sijaimaliza.

Jumatano, 12 Machi

Semina. Watu kumi na wanne. Bibi alivaa gauni lake la shughuli, akawekwa mbele, miguu yake haikufika chini vizuri. Nikachora mti wangu ubaoni, mbuzi kileleni. Profesa akamwamkia, akamsomea sentensi, akamwuliza kwa heshima kama watu wa kwao wanasema hivyo.

Bibi aliuweka mkoba wake vizuri mapajani.

"Mjukuu wangu ameniomba niseme inasemeka, nami nasema inasemeka," akasema. "Ila mimi kuisikia nimeisikia Jumamosi, kinywani mwake."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Profesa akamwonyesha fomu yake. Bibi akaishika kwa mbali, akaisifu ile sahihi kuwa ni nzuri sana, kisha akasema yeye kuandika hajui, huweka dole gumba.

Ndipo Matawi akanyoosha mkono, akamwuliza habari ya mbuzi huyo yeye angeisemaje. Bibi akaisema. Mbuzi alikuwa nyuma kabisa, amefungwa vizuri. Kisha akafungua mkoba na kutoa karatasi za kalenda. Alikuja nazo! Januari mpaka Aprili zilichukua saa nzima. Wote waliandika, Profesa naye. Mimi nilisimama ubaoni na chaki yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Profesa hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Data yote imefutwa, naanza upya, mwaka mzima umekwenda, na hilo ni kama kamati itakubali. Kufikia Jumatatu nipeleke barua ya maelezo, pamoja na barua ya Bibi kwamba nimemwendea, nimemwomba radhi, na amenisamehe.

Nitakwenda kesho, basi la kwanza. Nitakaa kwenye kile kiti na kusikiliza Mei yote. Safari hii nasema kweli.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua asubuhi. Nikaona nipige simu kwanza. Mama mdogo akasema kiti kiko mlangoni tangu saa moja. Moyo ukaniruka. Nikasema amwambie nakuja.

Akanieleza taratibu kwamba kiti ni cha yule binti wa chuoni aliyeuliza habari ya mbuzi. Amekwisha fika, wako mwezi wa Mei. Bibi ananisalimu. Anauliza pia yule fundi cherehani anaendeleaje, Profesa alimwambia alilazwa.

Nikasema anaendelea vizuri.

Nimekaa kitandani mpaka mvua ikakatika. Ningeweza kwenda hata hivyo. Ningesimama wapi, kiti kina mtu? Namkosa Bibi, na nimemkosea, na sijui nianzie wapi kumwambia.

Barua inatakiwa Jumatatu. Nimeiandika mwenyewe. Bibi namjua, najua atakavyosema. Amenisamehe kwa aya mbili, kwa upole sana, mpaka nikalia katikati ya aya ya pili. Kosa la mwanzo sikulirudia. Sahihi sikuweka. Nimechovya dole gumba langu kwenye wino, nikalibandika chini ya jina lake.