Dereva wa Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Shirika la kusaidia wagonjwa wa saratani limetupa usafiri. Bure! Wiki tatu, kumpeleka mke wangu kwenye mionzi na kumrudisha. Nilishukuru mpaka nilipomwona dereva. Mstaafu, anajitolea. Mimi fundi cherehani, shati zuri nalijua. Lake lilikuwa zuri mno, likanikera. Nami sikupanda: kiti kingine ni cha bibi mmoja mgonjwa, asiyesikia vizuri. Waliporudi mke wangu alikuwa anacheka hadi machozi. Tangu apasuliwe titi, mimi nimemchekesha mara moja tu, nilipoteleza bafuni. Dereva nimempa jina: Meno, kwa jinsi anavyotabasamu.

Jumanne, 5 Machi
Nimempigia simu mratibu wa shirika. Nikaomba dereva mwingine, ikiwezekana mwenye kununa. Akauliza Meno kakosa nini. Nikasema anaendesha vizuri kupita kiasi. Akasema ataiandika kama pongezi. Pongezi!

Jumatano, 6 Machi
Nimeazima gari la shemeji. Nikamwambia Meno apumzike. Likazimika katikati ya barabara. Nikashuka nikasukuma, mgonjwa akashika usukani. Zamu yetu ikapita. Muuguzi akatupachika mwisho wa foleni. Masaa matatu kwenye benchi gumu, kovu la kifuani likimuuma, na mke wangu akitazama ukuta tu. Bora angenitukana. Aliyeturudisha nyumbani ni Meno: alituona alipomleta yule bibi, akatusubiri. Na maji baridi alikuwa nayo, shetani yule.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwomba mke wangu msamaha. Akauliza kwa nini niliingilia kazi ya watu. Nikasema: kwa sababu unacheka.
Akaniangalia kweli kweli. "Baba watoto, unadhani mle garini tunamcheka nani? Nawasimulia vituko vyako. Bila hivyo ile njia siimalizi, naogopa."
Sikujua anaogopa. Hajawahi kuniambia. Nilimshika mkono mpaka chai ikapoa. Halafu nikawaza: kwa hiyo Meno anajua habari ya bafuni?

Ijumaa, 22 Machi
Mionzi imekwisha! Meno amekuja kuaga. Mkewe alifia hospitali ile ile, alisema, na siku za matibabu alikuwa akienda peke yake kwa miguu, kwa sababu yeye Meno alikuwa safarini na lori. Ndiyo maana sasa anaendesha. Nililia kuliko yeye. Nikampima mabega hapo hapo, nimshonee shati. Nikaapa mbele ya mke wangu: wivu basi. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 25 Machi
Shirika limemleta mtu wa kumnyoosha mke wangu mkono uliokakamaa baada ya upasuaji. Anajitolea naye. Mrefu. Kifua kama kabati. Anauinua mkono polepole, anahesabu, na mke wangu anahesabu naye kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane.
Nimemuuliza cheti. Anavyo viwili.
Nimeshaamua. Kesho asubuhi nitaamka na bega bovu, aninyooshe mimi.