Marehemu Anaposa kwa Simu

Kambi ya mgodi, njia ya Rwamgasa,
Jumatatu.

Kwa Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Mawasiliano Mema,

Shikamoo. Mimi ni Ngassa, mchimbaji wa duara namba tisa, shimo la mita sitini. Elimu yangu ni darasa la sita. Naandika kwa kalamu kwa sababu kalamu bado hamjaiunganisha na mnara wenu.

Namlalamikia Mfariji, mtambo unaosoma kila meseji yetu kabla haijafika nyumbani. Tuliambiwa anaondoa maneno yanayovuruga amani ya familia. Asanteni kwa kutulea.

1. Nilimwandikia mke wangu Zipora kwamba mgongo unaniuma na maharage yana wadudu. Akapokea kwamba nimenenepa. Sasa anauliza ni nani ananipikia.

2. Mmefuta "ufa", "kifusi" na "kufa". Hayo ni maendeleo. Duara letu la zamani liliporomoka mwezi wa nne likamfukia mwenzangu Apolinari, lakini kwa mujibu wa Mfariji hakuna kilichotokea, kwa kuwa hakuna neno la kukisema. Mlimwaga zege juu yake, mkapanda maua. Maua yanamwagiliwa kila siku. Sisi maji ya kunywa ni kwa zamu.

3. Nilimwandikia mama yake Apolinari, aliyeko Kishapu, mara nne. Hilo ni kosa langu, maana kwetu habari ya msiba hupelekwa na mtu kwa miguu yake. Mara zote nne alipokea salamu kutoka kwa Apolinari mwenyewe, kwa namba yake. Marehemu sasa huandika kila Jumapili. Alipokuwa hai aliandika Krismasi na Pasaka tu.

4. Kwetu Usukumani, mama akiona mwanawe ametulia humtafutia mke. Mama Apolinari akauliza kama wazee wakamposee Noela, binti wa jirani. Marehemu akajibu, "Sawa mama, nina furaha sana." Ng'ombe kumi na wawili wameshafika kwa kina Noela. Kama Mfariji anataka kuoa, apeleke ng'ombe wake. Binti wa watu atakuwa mjane kabla ya kuvaa shela, na kwa kuwa "mjane" nalo mmelifuta, sijui ataitwaje.

Kwa hiyo naomba mumzime Mfariji. Mkiogopa, nipeni likizo ya siku tatu niende Kishapu nikaseme mwenyewe. Mdomo wa mtu haufuti maneno.

Wasalimieni wote hapo ofisini, na mwenye kumwagilia yale maua. Mfariji simsalimii, kwani atageuza.

Mimi mchovu wenu,
Ngassa.

Nyongeza: Likizo ilitoka kabla sijaileta barua hii. Nimerudi jana. Nilikwenda na shati la Apolinari kwenye mfuko. Mama yake alinipa maziwa ya mgando, akanionyesha kitenge atakachovaa siku ya harusi, akauliza, "Baba, mwenzako hajambo?" Nikasema, "Hajambo, mama. Amenenepa."

Shati nimerudi nalo.

Futeni malalamiko yangu yote. Mfariji aandike Jumapili kama kawaida, maana nimemwahidi mama kwamba ataandika. Ila amwambie mama akawachukue ng'ombe wake, Noela aolewe kwingine. Mimi hata hilo lilinishinda.