Mafua Yote Chumba Kimoja

Jumatatu, 5 Mei
Mwanangu Shantel amepiga chafya sasa hivi, katikati ya ukurasa huu. Nimempangusa pua, nimembusu. Kwa kliniki, kazini kwangu kupya, angeitwa J00. Ndiyo, nimeshajua! Mimi, wa darasa la nane! Kazi ni kusoma faili, kuona daktari ameandika ugonjwa gani, kisha kuweka msimbo wake kwa kompyuta. Mafua J00, koo J02, tonsili J03. Mimi na mwenzangu Lornah tuko kwa majaribio. Ijumaa Sister Nekoye, mkubwa wetu, atabakisha mmoja. Lazima niwe mimi! Nimeshamwahidi Shantel nasari ya Migosi, ile yenye bembea.

Jumanne, 6 Mei
Lornah ana diploma ya Maseno na kucha ndefu, na bado anachapa kama mvua kwa mabati. Akaniuliza, Mama Shantel, bado uko pale pale kwa tonsili? Wueh! Lakini nimepata dawa yake. Kuna J06.9, maana yake ni njia ya hewa ya juu, haijabainishwa. Sasa nani ana wakati wa kubainisha? Pua na koo si majirani?

Jumatano, 7 Mei
Mtaa wote wa Manyatta ni J06.9! Hata Shantel wangu, aliyeonwa na daktari asubuhi. Hata Mzee Obonyo, aliyekwamwa kooni na mfupa wa samaki, ngege. Nimempita Lornah!

Alhamisi, 8 Mei
Gari la watu wa afya mlangoni. Nikadhani ni pongezi, nikajipaka Vaseline. Kumbe grafu yetu imepanda kama mnara, wanatafuta mlipuko wa ugonjwa! Wamewaita wagonjwa, wanawapima kwa vijiti puani. Mzee Obonyo akafunika pua, akasema, nyathina, mwanangu, yeye alimeza ngege tu. Shantel naye akachomekwa kijiti. Akalia. Nikalia. Sister Nekoye akaniangalia.

Ijumaa, 9 Mei
Sister ana roho nzuri. Amenipa leo nirudie faili zote. Akasema nisome kila moja, Mama Shantel, kila moja. Nikasema sawa, Sister. Ya Shantel nimeisoma mara mbili: J00, mafua, basi. Lakini hizi zingine zote? Kosa langu nimeliona: niliwasonga wote chumba kimoja, J06.9. Sasa nawagawa kwa zamu kama uji: huyu J00, huyu J02, huyu J03. Grafu itakuwa sawa kama meza! Bembea, tunakuja! Mzee Obonyo, zamu yake imeangukia tonsili. Anayefuata ni… ngoja, Lornah anaita, eti Mzee mwenyewe yuko dirishani na Sister, amesomewa faili yake, anauliza hizo tonsili ametoa wapi.