Kengele ya Graz Yalia Sharafiya

Ngo! Ngo! Ngo! Kengele nzito ililia mkahawani Sharafiya, mtaa wa mji mmoja wa Kiarabu, na waliokuwa wakila wali wakainua vichwa kuitafuta. Ilikuwa ndani ya simu ya Cliff.

"Mnaisikia?" alisema, macho kayafumba kama mtu aliyemkumbuka mamaye. "Hiyo ndiyo Graz, Austria. Nikisomea udaktari wangu, hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha."

Kilichomwamsha Cliff siku zote ni teke la msimamizi wake. Alikuwa mlinzi wa ghala la matairi, na usingizi ndiyo fani pekee aliyofuzu. Graz aliiona kwenye video. Lakini kila Ijumaa alivaa koti, akajipulizia manukato, akawa Daktari Cliff, wakala wa vyuo vya Austria, na Wakenya wanaofanya kazi za ndani wakamzunguka kwa karatasi zake zenye picha ya mnara wa saa.

Pesa hakupokea. Alipokea dhahabu, kwa sababu alijua mambo ya nyumba za watu: madam akifurahi siku ya Idi humpa msichana wake pete au bangili, na msichana huificha ndani ya soksi akimuwazia mtoto aliyemwacha nyumbani. Velma alikuwa amempa pete, na Maryann bangili mbili alizomwekea bintiye Ashley ziwe karo ya chuo cha ualimu.

"Ualimu?" Cliff alimcheka. "Mtoto anaitwa Graz, wewe unampeleka kufuta ubao?"

Maryann alipozinduka na kuziomba tena, alijibiwa, "Dhahabu ikishaingia Graz, halas, imekwisha. Mafi kurudi, hairudi."

Basi Ijumaa hii Daktari alifumbua macho, akaona kando ya Maryann mgeni mwenye mkufu mnene shingoni. Akamsogezea kiti.

"Dada, jina?"

"Selipher."

"Selipher, kule Graz kuna saa juu ya kilima. Mshale mrefu unaonyesha saa, mfupi unaonyesha dakika. Unaelewa? Kule mdogo ndiye mwenye mbio! Halafu ndani ya mlima kuna bomba la kuteleza. Mwanafunzi akichelewa anaketi tu, fyuu, yuko darasani."

"Na Kijerumani, Doc?"

"Kitakukuta huko huko."

"Mimi niliishia darasa la nane."

"Graz hawaangalii cheti, wanaangalia moyo," alisema Cliff, akiangalia shingo.

Selipher akashusha sauti. "Doc, mimi kusoma sitaki. Lakini Mungu amekuleta. Madam wangu kwa sasa yuko Riyadh. Kijana wake amepata chuo hapo hapo Graz, na madam hataki aende bila mtu mzima anayeujua mji. Kuna nyumba, mshahara, kila kitu. Ameniambia nimtafutie, nimpeleke kwake nikienda kesho."

Hapa tunyamaze kidogo, tuuheshimu msiba. Mtu aliyekuwa akiwauzia wenzake mlango uliochorwa ukutani ameambiwa mlango umefunguka, naye akaukimbilia kwa paji la uso.

"Mwambie madam," alisema, "mtu amepatikana."

Usiku huo alifungasha chumba chake cha Kandara, mtaa wa jirani. Wanawake waliompa dhahabu hakuwaaga.

Kesho yake Derrick, dereva wa madam, aliwapeleka uwanja wa ndege. Cliff alikumbatia kopo la maziwa ya unga.

"Kopo la nini, Doc?"

"Vitu vya mke wangu."

Selipher alifunua kifuniko, akaguna. "Mwanamume na bangili za wanawake wote hawa, bila risiti? Mashine ikiliona, askari atamwita mwenzake, mwenzake atamwita mkubwa wao."

Daktari akalifunika kopo upesi. "Sasa?"

"Mwanamke akivaa dhahabu nani anamuuliza? Nitazivaa ndani ya abaya, hili baibui langu, nikupe tukishapita ukaguzi."

"Na ukinikimbia?"

"Shika mkoba wangu. Pasipoti yangu imo, madam amenipa nisafiri nayo. Mkenya gani hapa anaitupa pasipoti?"

Hoja ilikuwa nzito, na mkoba ulikuwa mzito. Cliff hakuufungua. Mlaghai huamini kwamba akili ya kulaghai alipewa yeye peke yake, hasa mbele ya mtu anayeosha vyombo. Akamvika kwa mikono yake mwenyewe: mikufu, pete, bangili. Bangili za Maryann alizivika mwisho. Selipher akashusha nikabu.

Wanawake hukaguliwa nyuma ya pazia. Cliff alimwona akilielekea, akainama kuvua viatu na mkanda. Upande wa pili akasimama kungoja. Akatoka mwanamke aliyevaa nyeusi tii tangu utosi hadi vidole. Akatoka mwingine. Wa tatu Cliff akamsogelea: "Selipher?" Mume wa mwanamke akageuka. "Maleshi, maleshi, samahani!" alilia Daktari wa Graz, akirudi nyuma na kiatu kimoja mkononi.

Ndege ikaitwa. Bila shaka yuko mbele, alijiambia. Akapanda, akaona nikabu safu ya kwanza, akatulia. Njia nzima aliitabasamia. Walipotua Riyadh ikafunuliwa, na bibi mmoja wa Kisudani akamuuliza kama anaumwa na meno.

Selipher hakulifikia pazia. Cliff alipoinamia viatu, yeye aligeuka akatoka kwa mlango aliouingilia. Derrick hakuwa amezima hata gari.

Cliff akaufungua mkoba. Hakukuwa na pasipoti. Kulikuwa na karatasi zake mwenyewe, rundo zima, na kwenye kila moja saa ya Graz. Akapiga simu.

Ngo! Ngo! Ngo! ilijibu simu ya Selipher, kwa kengele ileile ya Graz.

"Selipher! Kijana yuko wapi?"

"Kijana gani, Doc? Madam wangu ana mabinti watupu!" Mkahawa mzima ukaangua kicheko, na katikati yake bangili zikagongana mezani.

"Nitawashtaki!"

"Shtaki, bosi. Waambie umeibiwa pete ya Velma na bangili za Maryann. Watakuuliza tu zilifikaje kwako."

Upande wa pili mtu alikuwa analia. Selipher hakukata simu. Aliisogeza karibu, ili mwanamume asikie vizuri.

"Nyamaza, Maryann. Shika bangili zako. Nakuahidi mbele ya huyu: Ashley ataingia chuo, sanduku nitamnunulia mimi. Na siku atakayoshika chaki, tutampigia Daktari simu asikie kengele ya shule ya kweli."