Amiri Hataki Kukaa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mbwa amefika! Mrefu, mwembamba, mbavu zahesabika. Mbwa wa mbio. Alikuwa wa bibi mmoja wa Kizungu kule Nyali, aliyerudi kwao. Nimempa jina Amiri. Mke wangu Afaf alipomwona ukumbini alikunja msala wake, akapanda nao ghorofani. Nikamweleza nikiwa chini ya ngazi kwamba huyu ni jamaa ya mbwa wa kuwindia, na hata mababu zake kule Hadhramaut waliwafuga. Akajibu kuwa mababu hao hawakuja kumpigia deki.

Afaf haoni mbali. Nyali na Tudor kumejaa mbwa watundu wa watu wenye nafasi. Nani awatie adabu? Duka langu la vinyago hapa Ndia Kuu limelala tangu wageni wapungue. Nimeshachora kibao: CHUO CHA UTIIFU WA MBWA. Mkuu wa Chuo: Bw. Ghassan.

Somo la kwanza: "Kaa!" Amiri akasimama, akatazama ukuta. Nikapaza sauti. Akapiga miayo.

Jumanne, 9 Septemba

Odera amepita. Huyu ni karani wa reli, amepanga Bondeni, ana mbwa koko aitwaye Pilipili. Akasoma kibao changu, akatabasamu, akamnong'oneza Pilipili. Pilipili akakaa. Mlangoni pangu! Mbele ya wateja, lau wangekuwapo.

Kisha akatoa ushauri nisiomwomba. Eti mbwa wa namna hii ameumbwa kuona na kukimbia, hangoji amri ya mtu. Eti nitumie vipande vya maini, maneno machache, sauti ya chini, na nisithubutu kumfungua kamba nje. Nikamshukuru. Wivu mtupu.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa. Nilimtembeza Amiri Kibokoni, nikamfungua kamba ajue namwamini. Kunguru akaruka. Amiri huyo! Akapaa juu ya baraza, wazee na dele lao la kahawa chini yake. Kunguru akaenda zake. Amiri, kwa kukosa la kufanya, akamlamba mzee mmoja mkono hadi kiwiko. Mzee mwenyewe ni Mzee Abdullah, babake Afaf. Alikuwa ndiyo kwanza ametia udhu wa alasiri.

Mate ya mbwa ni najisi; ikabidi aoshe mkono mara saba, moja kwa udongo. Mtaa mzima ukasaka udongo, na kule ni mawe na saruji tupu. Ukapatikana mwishowe kwenye chungu cha mrehani cha jirani. Mzee akaosha, akaenda zake msikitini bila kunitazama. Afadhali angenitukana.

Jioni Afaf akafunga mkoba wake aende kwa babake. Nikamsihi angoje Jumapili. Bi. Rispah wa Tudor, mkubwa wa ofisi bandarini, anakuja kutazama masomo. Akiridhika ataleta mbwa wake na wa majirani zake. Afaf akasimama ngazini, akasema jambo. Nilikuwa nakata maini. Nilipoinua kichwa, ngazi ilikuwa tupu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nyumba hii sikujua kama ni kubwa hivi. Nimekula wali wa jana, baridi. Amiri hakula kabisa. Amejilaza akiukabili mlango. Nimemwamuru ale. Hakutii. Nikavuta kiti, nikautazama mlango nami. Jua likachwa. Hakuingia mtu.

Jumapili, 14 Septemba

Uwanja wa Makadara. Bi. Rispah amekuja na mwavuli. Odera naye alikuwapo, hakualikwa. "Kaa!" Amiri akasimama. "Lala!" Akasimama. "Simama!" Hapo nikapongezwa. Nikalewa sifa, nikamfungua kamba.

Alikimbia. Ya Rabi, alivyokimbia! Sijaona kitu kizuri kama kile tangu nizaliwe. Kisha sikumwona tena. Bi. Rispah akauliza kama hiyo ni sehemu ya somo. Nikasema ndiyo. Akangoja.

Tukamtafuta sote watatu mpaka Kibokoni. Tukamkuta barabarani mbele ya nyumba ya Mzee Abdullah, macho juu. Afaf alikuwa dirishani. Hakumfokea. Alisema taratibu, kama anayesema na mgonjwa: "Kaa hapo, baba. Kaa."

Amiri akakaa! Matako chini kabisa. Bi. Rispah akauliza kama bibi yule anapokea wanafunzi.

Nikapaza sauti kumwambia Afaf kuwa haya ni matunda ya mafunzo yangu. Dirisha likafungwa.

Jumatano, 17 Septemba

Amiri amekwenda kwa Odera. Odera alikuja kumwomba kwa adabu, nami sikuwa na nguvu za kubisha. Akamfunga kamba, wakaondoka na Pilipili wote watatu. Hakugeuka nyuma. Amiri, nasema.

Nikaenda Kibokoni kumpa Afaf habari njema. Akashuka, akasimama kizingitini. Amekonda. Akasema hakuondoka kwa sababu ya mbwa. Akasema amekuwa akiniita miaka yote ya ndoa yetu, na kila akiniita niko mbioni na jambo jingine: mara kufuga kware, mara kupika sabuni ya mwani. Hata siku ya maziko ya mamake alinitafuta msibani, nami nilikuwa Kongowea nikiulizia bei ya vizimba. "Nikuulize, Ghassan," akasema. "Siku moja tu, waweza kukaa ukanisikiza? Ukiweza, natia buibui sasa hivi twende nyumbani."

Nilikuwa namsikiliza. Wallahi nilikuwa namsikiliza. Lakini paka alipita kati yetu, na fikra ikanijia kama umeme. Paka ni twahara! Hakuna kuosha mara saba, hakuna udongo. Mji wa Kale umejaa paka, na hakuna aliyewahi kuwafundisha. Hapo Afaf hana hoja tena! Nikamwomba aningoje kidogo tu, nikatoka mbio kununua dagaa.

Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha. Nikabisha tena.

Si neno. Atafungua akiona matokeo. Sasa niko uani kwangu na paka kumi na kitu, wote wamenitazama. Nimewaambia kwa sauti kubwa: "Kaa!"

Wamekaa! Wote! Kweli, walikuwa wamekaa tangu awali, lakini ni mwanzo mzuri.