Taa Kumi na Mbili za Kuokoa Kochi

Jumatatu, 7 Oktoba

Dada yangu Ardith katangaza vita wakati wa chai ya asubuhi. Kochi langu la barazani linatutia aibu mtaa mzima. Springi zimechomoza na panya kazalia humo mara mbili. (Mara moja! Ile ya pili alikuwa kindi.) Hukumu imepita: baraza letu likishindwa tena Jumamosi kwenye mashindano ya mapambo ya mavuno, kochi linakwenda jalalani. Jirani Delmar keshajitolea pikapu yake. Bila kuombwa!

Miaka kumi na tisa nimelala usingizi wa mchana juu ya kochi hilo. Halitoki. Labda tutoke wote wawili.

Jumanne, 8 Oktoba

Delmar ni bingwa wa mashindano miaka mitano mfululizo. Leo kasimamisha boga la puto refu kupita paa lake. La kununua! Lina taa tumboni na feni ya kulijaza upepo, linanguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa. Kanipigia kelele kutoka ng'ambo ya uzio: "Orval, mzee wangu, anza kuliaga kochi!" Nikamjibu kwamba boga lake linafanana na mama mkwe wake. Kumbe mama mkwe alikuwa dirishani.

Mimi sinunui kitu. Mpango: majani mekundu ya msimu, yabandikwe kwa gundi ya unga kwenye chupa za kioo, na ndani ya kila chupa kitaa cha betri. Vitaa ninavyo, vya Krismasi. Majani ya bure yamejaa msituni. Chupa ziko stoo, kumi na mbili, safi kabisa. Kasoro yake ni moja tu: zimejaa pichi alizohifadhi Ardith mwezi wa nane kwa ajili ya majira ya baridi.

Basi zitaliwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Chupa saba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tano zilizobaki. Siwezi kuinama. Nikifumba macho naona pichi.

Mchana nimejikokota hadi msitu ulio nyuma ya kanisa. Mvua imeharibu karibu majani yote, ya kahawia matupu. Lakini kwenye shina la mwaloni mmoja, loo! Mmea unaotambaa hadi juu, majani mekundu kama midomo ya mwimbaji, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Yamekaa matatu matatu. Na hakuna aliyegusa hata moja! Watu wa mji huu hawana macho. Nimejaza gunia.

Majani hayana budi kubanwa yanyooke. Ardith kaninyima ile Biblia kubwa ya babu. Nimeyatandaza chini ya mito ya kochi, nikalala juu yake kwa saa tatu. Kazi na usingizi kwa pamoja! Nani mwingine angebuni hilo?

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimebandika kutwa nzima. Shingo inawasha. Ni pichi, bila shaka. Tunda likizidi tumboni hutafuta njia ya kutokea.

Ardith kashuka stoo. Nimemsikia kabla ya kumwona. Kauliza pichi zake ziko wapi. Nikasema panya. Kauliza panya gani huyo anayefungua vifuniko na kuosha kijiko. Nikasema yule wa kwenye kochi. Haraka haraka nikajuta. Siyo shahidi niliyepaswa kumwita.

Jumamosi, 12 Oktoba

USHINDI! Jua lilipotua nikawasha taa zangu zote. Baraza zima likawa jekundu kama kaa la moto. Bi Twyla wa maktaba, mwamuzi mkuu, kashika chupa kwa mikono miwili, kaisogeza hadi puani, kaipapasa. Kasema hajaona kitu kizuri namna hii tangu mume wake anyoe ndevu. Mwamuzi mwenzake, mkuu wa zimamoto, kazipapasa zote kumi na mbili. Nikawapa chupa moja moja wakaweke kando ya vitanda vyao. Si hongo. Ni ukarimu wenye shabaha.

Boga la Delmar lilipasuka mshono katikati ya ukaguzi, likajilaza juu ya mama mkwe. Sikuligusa! Nililitazama tu.

Mkono wote wa kushoto unawasha. Pichi hizi zina kisirani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Wivu mtupu. Bi Twyla kavimba uso, jicho moja limefungwa. Mkuu wa zimamoto hawezi kuvaa glavu wala kusema anawashwa wapi kwingine. Daktari wa kliniki kaitazama chupa yangu tu, karudi nyuma hatua mbili. Eti ni mtambaa wa sumu, upupu wa huku kwetu, na kila mtoto anafundishwa kukwepa majani matatu. Anafundishwa lini? Darasa la saba, wanasema. Mimi niliishia la sita. Kosa la serikali.

Ushindi umefutwa. Kapewa Delmar, na boga lake lililopasuka!

Jumatano, 16 Oktoba

Delmar kaja na pikapu, anapiga mluzi. Ardith kanishika bega, kaniambia kwa upole: "Mdogo wangu, liache liende." Nikageuza uso nisione. Delmar kainua mto wa kwanza ili apate pa kushika. Kisha ukelele ambao sijawahi kuusikia kutoka kwa mwanamume mzima. Majani yaliyobaki yote yako pale chini, yamenyooka vizuri sana. Kakimbilia bomba la maji, kajimwagia hadi kwenye viatu.

Wazoa taka nao wamekataa kulisogelea. Ardith kasema hataligusa hata kwa koleo, na hakuna binadamu mwenye akili atakayeligusa tena milele.

Milele! Nimeshinda! Nimejitupa juu yake papo hapo, nikalala hadi chakula cha jioni.

Jumamosi, 19 Oktoba

Daktari kashangaa. Upele haukauki, unazidi. Sasa uko hadi makalioni. Kauliza kama nimerudi msituni. Wapi! Kauliza kama nimegusa tena zile chupa. Nikamwambia zilishatupwa zote. Kauliza kwa hiyo nafanya nini mchana kutwa. Nikamwambia nafuata maagizo yake, napumzika kwenye kochi.

Kaliangalia paji langu la uso kwa muda mrefu. Nadhani hata yeye hajui dawa. Siku hizi madaktari hawasomi.